Siku ya Tisa Gatini

Mama hupiga simu kila Ijumaa.
Umefika wapi sasa?
Halifaksi.
Na Ijumaa iliyopita?
Halifaksi, mama.
Kimya. Nasikia mwiko ukigonga sufuria, kisha:
Kumbe dunia yenyewe ndogo hivyo.

Meli yetu ni shule yenye nanga.
Wanafunzi mia mbili na kumi, walimu kumi na saba,
na ramani ukumbini, bandari zake
zimeungwa kwa uzi mwekundu.
Sisi tuko kwenye pini ya pili.
Mhimili wa rafadha umepata ufa
mwembamba kama unywele,
na kipuri kinatoka Hamilton kwa treni,
au kwa miguu, anasema Rodelio wa jikoni
anayetupikia viazi vilevile kwa majina mapya.

Saa moja asubuhi, foleni ya bafu.
Saa mbili, Mikondo ya Bahari.
Kikombe cha Dakta MacAskill hakitelezi tena,
kimesimama mezani kama askari wa zamu.
Anaweka kidole kwenye buluu tupu:
Leo tungekuwa hapa.
Nasi tunaandika: leo tungekuwa hapa.
Nina daftari zima la mahali ambapo tungekuwa.

Saa sita kamili, mzinga kilimani.
Siku ya kwanza Iluminada alijitupa chini ya meza.
Siku hizi ni mate tu yanayotutoka.
Wenzangu huiita saa kumi na mbili; nimeacha kubishana.
Jua likiwa utosini, sita ni sita,
ingawa hapa jua lenyewe ni la kusimuliwa:
ukungu umeketi bandarini
kama mgeni aliyeambiwa karibu akaamini.

Alhamisi ni zamu yangu ya kufua,
ndiyo bei ya ufadhili wangu.
Foronya ya Persis ina chumvi, na si ya bahari.
Soksi za Tavish zina matope ya makaburini,
anakwenda kusoma majina ya mabaharia, hasemi kwa nini.
Shati la mkufunzi wa falsafa lina siagi ya kamba-mti
kuanzia kola hadi kifungo cha tatu.
Nafua, nakunja, nanyamaza.
Tembea uone, waliniambia nyumbani.
Hakuna aliyetaja kikapu cha nguo.

Jioni tunaegemea vyuma vya sitaha
tukitazama kivuko cha Dartmouth
kikienda, kikirudi, kikienda.
Anselm, mtoto wa mhasibu wa Winnipeg,
ametoa kalamu: kilomita moja na nusu kila safari,
mara hamsini kwa siku.
Kwa mwaka na nusu, anasema,
kile kidude kinaizunguka dunia
na hakijatoka hata mdomoni mwa bandari.
Tulicheka. Kisha hatukucheka.

Leo nimepanda.
Mfunga kamba anaitwa Verna Boutilier,
glavu zake zina viraka vya ngozi nyingine.
Nikamuuliza kama amewahi kusafiri.
Nilifika Moncton mara moja, akasema. Palikuwa na joto.
Akarusha kamba bila kutazama,
ikakaa shingoni mwa chuma chake
kama mtoto anayejua bega la kulalia.

Ng'ambo nikageuka.
Ukungu ulikuwa umenyanyuka kidogo, kiasi cha shela,
na meli ile, nyeupe, fupi kuliko nilivyodhani,
ilikuwa na taulo la manjano kwenye dirisha la chini.
Langu. Nililisahau tangu Jumatatu.
Sijui kwa nini koo lilinikaba kwa ajili ya taulo.

Unashuka, akauliza Verna, au unarudi?
Narudi.
Maji yakaanza kusogea tena chini yetu,
nami nikahesabu: mbili.
Zimebaki elfu ishirini na sita
mia sita sitini na tano.